Naombeni ushauri: tasnifu kuhusu Yigael Yadin, nishike upande gani?

Wakuu habari zenu, niko mwaka wa mwisho historia na nimempenda sana huyu Yadin, mwanaakiolojia Myahudi aliyezaliwa Jerusalem 1917, akawa mkuu wa majeshi ya Israeli halafu akaacha akaenda kuchimba magofu ya kale ya Hazor na Masada, na kwenye pango moja karibu na Bahari ya Chumvi timu yake ikakuta kiriba cha ngozi ndani yake barua za Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi, za karne ya 2 jamani! Sasa msimamizi anataka siasa tu, kile chama chake cha Dash kilichopata viti 15 bungeni mwaka 1977 Yadin akawa naibu wa waziri mkuu Begin, ila kikasambaratika mapema mno. Mimi moyo uko kwenye pango. Nimbembelezeje msimamizi, au nikubali tu?