Silikoni ya mfano wa mjusi kafiri: inashika kioo, kwenye ubao wa paina inaanguka

Fundi_Uyole:
Habari za jioni wakuu. Najaribu kutengeneza kibandiko kisicho na gundi, kinachoiga kidole cha mjusi kafiri. Nimemwaga silikoni ya sehemu mbili (10 za silikoni kwa 1 ya kigumishi) kwenye kalibu ya matundu. Nguzo zimetoka na kipenyo cha mikromita 20, urefu 60, nafasi 20 kati yake, juu ya tandiko la milimita 1. Kipande cha sentimita 2 kwa 2 kinabeba nusu kilo kwenye kioo kilichosimama wima. Kwenye ubao wa paina wa Mafinga uliopigwa randa kinadondoka nikikiachia tu. Kinachonishangaza zaidi, silikoni bapa isiyo na nguzo inaishinda ya nguzo kwenye kioo hichohicho. Nirefushe nguzo?

Mnyalu_wa_Iringa:
Piga kwanza hesabu ya eneo, mkuu. Nguzo ya 20 ndani ya mraba wa 40 inafunika asilimia 20 tu ya uso. Kioo ni laini, bapa inakigusa kote, lazima ikushinde. Faida ya nguzo inakuja kichwa kikitanuliwa kama uyoga: kichwa cha 30 kinafikisha asilimia 44, na ukingo wake mwembamba unazuia ubandukaji usianzie pembeni.

Ubao ni shida nyingine. Kinachoshikisha hapa ni nguvu za van der Waals, yaani mvutano mdogo kati ya molekuli zilizokaribiana, na hizo hazivuki nanomita chache. Pasipogusana hakuna kitu. Randa inaacha mawimbi ya kisu na nyuzi zilizoinuka, na tandiko nene lenye ugumu wa megapaskali 2 hivi halikubali kushuka mabondeni. Nguzo zinazokaa vileleni zinabanwa, na ukiondoa kidole zinajinyoosha na kuwabandua majirani zake.

Punguza tandiko liwe milimita 0.2, ulibandike juu ya silikoni inayobonyea zaidi. Tandiko lifuate mawimbi makubwa, nguzo zifuate madogo. Mjusi kafiri ana ngazi hizohizo: kidole, mikunjo ya ngozi, vinyweleo vya mikromita 100 hivi, na kila kinyweleo kinagawanyika kuwa mamia ya ncha bapa zenye upana wa nanomita 200 hivi.

Randa_na_Msasa:
Urefu usiuongeze kwa pupa. Ukiuzidisha mara 2, nguzo inapinda kirahisi mara 8. Ukiona kwenye hadubini vichwa vimegandana viwiliviwili kama nywele zilizolowa, umepitiliza.

Halafu tusiishie kusema uso "unaparuza". Taja urefu wa vilima na umbali wa kilima hadi kilima. Kilima kikiwa kipana kuliko kichwa cha nguzo, kichwa kinakaa ubavuni na kushika. Vikilingana, kinagusa kilele tu. Mjusi mwenyewe hushika vibaya zaidi kwenye mparuzo wa nanomita 100 hadi 300, kuliko kwenye uso laini au wa kuparuza zaidi ya hapo.

Pima kioo, ubao, kisha kioo tena. Nguvu ikishuka ukirudi kiooni, unga wa mbao umeshika vichwani. Utoe kwa selotepu. Na bonyeza kwa jiwe la mizani lilelile, sekunde 30 kila mara. Kidole hakina kipimo.

Fundi_Uyole:
Ahsanteni sana. Pampu yangu ya kutoa viputo inakomea kilopaskali -81, haifiki -100. Ni mbovu?

Mnyalu_wa_Iringa:
Nzima kabisa. Hapo Mbeya ulipo ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ya hapo ina kilopaskali 82 au 83 tu, na geji inasoma tofauti iliyopo kati ya hewa ya ndani na ya nje. Iache dakika 30, silikoni ikiwa tayari ndani ya kalibu. Kiputo kikibaki chini ya tundu, nguzo inatoka fupi, na fupi haifiki ubaoni.