Nani kawadanganya kwamba grisi ya gari inapakwa kwenye bomba la dawa?

Wakuu, salaam. Naomba nitoe dukuduku, na mnivumilie maana leo siandiki kwa upole.

Bomba langu la mgongoni la kupulizia dawa shambani, lile la kupampu kwa mkono, lilikuwa na tatizo moja tu: mpini ulikuwa mzito na unalia kila ukishuka. Halivuji, presha inajaa, dawa inatoka vizuri. Nikalipeleka kwa fundi na maelekezo kamili: fungua, osha, paka kilainishi kinachokubaliana na mpira. Nilipolichukua mpini ulikuwa laini ajabu. Raha yenyewe haikudumu. Presha ikaanza kugoma, unapampu mpaka bega linauma na nozeli (kichwa kinachotoa dawa) inadondosha matone tu. Halafu dawa ikaanza kupanda nyuma ya pistoni na kunitiririkia mgongoni. Dawa ya wadudu hiyo, jamani.

Nikalifungua. Ile ringi ya mpira yenye umbo la kikombe inayokaa kwenye kichwa cha pistoni imevimba mpaka mdomo wake umejikunja. Ukiiminya kwa ukucha, alama inabaki. Ukiisugua, vidole vinabaki vyeusi. Na silinda nzima imejaa grisi ya kahawia, ile ile nzito inayowekwa kwenye bearingi za magurudumu. Namrudia fundi, ananijibu bila hata kupepesa macho: "Grisi ni grisi, bosi. Hapo dawa ndiyo imekula mpira, badilisha pampu nzima."

Grisi ni grisi! Hiyo ndiyo kauli iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu si ya fundi mmoja. Ukiuliza popote utajibiwa hivyo hivyo, na wanaojibu wanajiita wataalamu.

Sasa sikilizeni. Mipira iliyomo ndani ya mabomba haifanani. Kuna mpira wa asili, na kuna ya kutengenezwa kiwandani: EPDM, NBR ambao wengi wanauita naitraili, na Viton. Grisi ya gari kwa kawaida imetengenezwa kwa mafuta yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini. Mpira wa asili na EPDM havipatani nayo kabisa: vinayanyonya, vinavimba, vinalegea, mwisho vinachanika. NBR na Viton vinayavumilia. Kwa hiyo grisi ile ile inayomfaa jirani yako mwaka mzima inaweza kuua bomba lako, na wote wawili mtaapa kwamba mnasema kweli. Ndiyo maana ubishi huu hauishi humu.

Unachotakiwa kupaka kwenye ringi ni grisi ya silikoni. Inakubaliana na karibu mipira yote, isipokuwa mpira uliotengenezwa kwa silikoni yenyewe. Na unapaka kidogo: unafuta silinda mpaka ikauke, unapitisha utando mwembamba kwenye mdomo wa ringi na kwenye oringi (ringi ndogo za mpira) za kifyatulio, kile unachobonyeza dawa itoke, basi. Si kujaza silinda kama unapaka siagi kwenye mkate.

Hasira yangu ya pili inaenda kwa watengenezaji. Nimeitafuta karatasi ya maelekezo iliyokuja na bomba, nimeisoma mbele na nyuma. Kuna picha ya mtu kavaa glovu na barakoa anatabasamu. Kuhusu kulainisha kuna mstari mmoja: paka mafuta sehemu zinazosogea mara kwa mara. Mafuta gani? Sehemu zipi? Mara kwa mara ndiyo lini? Ringi ni ya mpira gani? Hakuna. Mtu ametengeneza kifaa cha kubebea sumu mgongoni, na ameshindwa kuandika neno moja la aina ya mpira aliouweka mwenyewe kwa mkono wake. Halafu ringi haiuzwi peke yake, sharti ununue seti nzima ya pampu. Aisee, kipande cha mpira kinachoenea kiganjani kinaniuzia pampu mpya.

Na kuna wale wa oili chafu. Mkuu, oili iliyotolewa kwenye injini ina vumbi la chuma, masizi na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta. Unaichukua hiyo unaiweka kwenye silinda ya plastiki na ringi ya mpira, eti "inalainisha". Inalainisha nini? Inakwangua. Mafuta ya kupikia nayo yanaonekana ya heshima kidogo, ila yakikaa yanageuka gundi, yanashika vumbi, na mpini unarudi kuwa mzito kuliko mwanzo.

Hapa niwatendee haki wazee. Wale waliotufundisha kuloweka washa (ringi ya kuzibia) ya bomba kwenye mafuta hawakuwa wajinga. Mabomba yao ya shaba yalikuwa na kikombe cha ngozi, na ngozi isipopata mafuta inakauka, inasinyaa na kuacha upenyo. Ushauri wao ulikuwa sahihi kwa ngozi. Kosa ni la anayeubeba ushauri wa ngozi na kuupeleka kwenye mpira bila kufungua aone ndani kuna nini.

Grisi ya gari ina mahali pake, sikatai. Wenye bomba la kukokotwa na trekta wanajua: misalaba ya shafti inayotoa nguvu kwenye trekta, bawaba za mikono ya kunyunyizia, magurudumu. Hapo ni chuma kwa chuma, piga grisi kupitia nipo zake (vichuchu vya kuingizia grisi), ifute nipo kwanza usije ukasukumia mchanga ndani. Na usipige kwa kisirani mpaka sili ifumuke.

Kwenye hayo hayo mabomba ya trekta kuna jambo linaniumiza macho. Pampu ya diaframu (utando unaotenganisha oili na dawa) ina oili yake, unaiona kwenye kioo au kikombe cha juu. Oili hiyo ikigeuka nyeupe kama maziwa maana yake diaframu imepasuka, maji na dawa vimeingia upande wa oili. Unasimamisha kazi, unamwaga, unabadilisha diaframu zote, unaweka oili mpya. Mimi nimemwona mtu anaongezea oili juu ya ile nyeupe na kuwasha trekta! Anasema ilikuwa imepungua. Pampu hiyo ikija kufa atasema ni feki.

Turudi kwa mafundi, sijamaliza nao. Mnapaka kilainishi juu ya uchafu. Dawa za unga, hasa zile za ukungu zenye madini ya shaba (kopa), zikibaki kwenye silinda zinachanganyika na grisi na kuwa kitu cha kusagia. Kila ukipampu unasaga ringi na ukuta wa silinda. Kuosha kunatangulia kulainisha, hakuna mjadala. Na kuosha si kutikisa maji kidogo na kumwaga. Ni kusuuza mara tatu, kila mara unapampu maji safi yapite kwenye hozi, kifyatulio, lansi (fimbo ya kupulizia) mpaka nozeli, na chujio unalitoa unaliosha kwa brashi. Maji hayo unayapulizia kwenye shamba lile lile ulilotoka kupiga dawa, usiyapeleke mtoni wala kisimani. Ukiwa umetumia 2,4-D, dawa ya kuua magugu, ndiyo uwe mkali zaidi, maana kiasi kidogo kilichobaki kwenye hozi kinatosha kupindisha majani ya nyanya au pamba. Wapo wanaosuuza kwa amonia, ni sawa, lakini usithubutu kuichanganya na klorini, moshi wake ni sumu.

Halafu nozeli. Nozeli ikiziba, fundi anachukua waya. Ukimnyang'anya waya, anaipuliza kwa mdomo. Kwa mdomo! Kitu kilichokuwa kinatema sumu asubuhi! Waya nao unapanua tundu na kulipinda, mtawanyiko wa dawa unaharibika, upande mmoja majani yanaungua na upande mwingine wadudu wanakula. Brashi laini ya meno inatosha, au mswaki wa kijiti usio mgumu. Ukitaka kujua kama nozeli imechoka, usiiangalie kwa macho, kinga maji yake kwenye jagi kwa dakika moja, halafu kinga ya nozeli mpya ya aina hiyo hiyo kwa presha ile ile. Iliyochoka ikizidi mpya kwa asilimia 10, itupe. Nozeli ya njano kwa mfumo wa rangi wa kimataifa inatoa takriban lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya baa 3, ila bomba la mgongoni mara nyingi halifiki presha hiyo, kwa hiyo linganisha na mpya, usikariri namba.

Kuhifadhi sitasema sana: toa presha, liache tupu, mfuniko ulegezwe, likae kivulini. Jua linakausha hozi mpaka inapasuka.

Ninachotaka ni hiki. Watengenezaji, aina ya mpira ichapwe kwenye karatasi, na ringi ziuzwe peke yake. Mafundi, kabla hujachovya kidole kwenye kopo la grisi, uliza. Kama hujui ni mpira gani, tumia grisi ya silikoni, hutaharibu kitu cha mtu, labda tu mpira wenyewe uwe wa silikoni.

Na wadau wenye mabomba ya lita 16 ya kupampu kwa mkono, naomba mnisaidie: pimeni ringi zenu za kikombe kwa kalipa, kipenyo cha nje, cha ndani na unene, muweke hapa pamoja na jina la bomba. Huenda ringi ya bomba moja inaingia kwenye jingine, tukaepuka kununua pampu nzima. Wale wa "weka oili chafu tu mkuu, mimi natumia miaka yote", uzi huu si wenu.