Chenji yangu imetupwa kwenye sahani ya miiba, mbele ya mama yangu mzazi!!

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mkono unatetemeka. Herufi zikirukana mnisamehe.

Mama yangu ana miaka 71. Katoka Kiomboi kwa ajili ya macho, Ijumaa katolewa mtoto wa jicho, na leo jicho la kulia bado limefunikwa. Toka afike Dar hajaomba kitu hata kimoja. Leo tumetoka ibadani akaniambia, "Mwanangu, kabla sijarudi nataka nile sato mkubwa, mzima, mwenye kichwa." Mama anaomba samaki, mimi ni nani nimnyime? Nikampeleka pale. Sitaji jina, mnapajua. Kila mtu humu keshakaa kwenye vile viti, akaondoka ananung'unika na kesho yake akarudi, kwa sababu mchemsho wao, tusidanganyane, ni mtamu. Na huyo kijana mnamjua vilevile. Yule wa peni sikioni, anayekutazama kama umekuja kumkopa.

Tumekaa saa saba na dakika kumi. Kuja kutusikiliza tu, nusu saa. Samaki kafika saa tisa kasoro. Kwa muda ule angevuliwa Mwanza asubuhi, akapanda basi, akashuka stendi ya Mbezi, akagombania daladala na bado angetukuta tumekaa tunapunga nzi! Nikaomba maji ya kunawa, maana kwa watu wazima birika na beseni huletwa mezani. Akanijibu kwa kidevu: "Bomba lile pale." Nikamshika mama mkono, na jicho lake moja, tukapenya katikati ya meza kumi kutafuta bomba. Sabuni hamna.

Hayo yote nilimeza. Mama alikula vizuri, akafyonza mpaka kichwa, nikasema basi, yaishe.

Bili ikaja. Sato 35,000, ugali mbili 4,000, mboga 3,000, soda mbili 3,000, maji 2,000. Jumla 47,000. Nikatoa elfu hamsini. Na niseme ukweli wa Mungu, moyoni nilishapanga chenji ikija nimwachie elfu mbili pamoja na yote aliyotufanyia, kwa sababu mama alifurahi. Dakika ishirini, kijana haonekani. Namwona kule kaunta anacheka na simu. Nikaita mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu akaja, anapaza sauti meza zote zisikie: "Yaani broo elfu tatu hiyo ndiyo umeikalia?"

Halafu akatoa noti tatu za buku kwenye aproni AKAZITUPA KWENYE SAHANI YA MAMA.

Hakunipa mkononi. Hakuziweka mezani, na meza ilikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Kwenye sahani! Yenye miiba, maganda ya ndimu na mchuzi umebaki chini. Baba wa Taifa kalala kifudifudi kwenye mchuzi wa sato.

Na sikilizeni hili, hapa ndipo panaponiua. Mama haoni vizuri. Kwa upande ule aliona tu kitu kimeanguka kwenye sahani, akadhani kaletewa tishu. Akapeleka mkono, akaokota, akaanza kujifutia mdomo. Ndipo vidole vikamwambia kuwa hii ni hela. Akanyamaza. Akazitoa moja moja kwenye miiba, akazifuta kwa kanga yake ya kanisani, akazifunga kwenye pindo. Akasema, "Baba, twende nyumbani."

Meneja namfuata ananiambia, "Bosi msamehe, kijana kachoka." Kachoka na nini? Kucheka na simu?

Bakshishi ni asante. Asante haidaiwi wala haichukuliwi mfukoni mwa mtu kwa nguvu. Chenji ni yangu mpaka nitamke kwa mdomo wangu kwamba baki nayo. Sina maneno mengine. Kwenye sahani, jamani. Kwenye sahani ya mama!

Kisiki cha Mpingo: Pole sana mkuu. Hapo kwenye kujifutia mdomo nimeweka simu chini. Kijana huyo namjua, mwaka jana nilimwomba pilipili akaniuliza kama nyumbani huwa tunakula pilipili.

Mjukuu wa Chifu: Elfu tatu tu ndugu yangu umefungua uzi mrefu kama barabara ya Dodoma? Ungemwambia baki nayo ungeondoka kwa heshima.

Mleta uzi: Wewe Mjukuu wa Chifu umesoma au umepita? SIYO ELFU TATU. Ni sahani! Angeniambia hana chenji ningemwachia. Angesema "kaka naomba ya maji" ningempa. Alitupa kwenye miiba, na mama yangu akajifutia mdomo kwa hela.

Binti Kilosa: Mimi nauliza kitu kingine. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alikupa? Maana hizo mashine zipo toka 2010 lakini ukifika pale eti mtandao unasumbua. Kama wamesajiliwa VAT, kwenye hiyo 47,000 ile 18% iliyomo ndani ya bei ni kama 7,170 hivi. Unalalamikia tatu, saba imepita mlangoni unaitazama.

Mleta uzi: Alileta kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Lakini dada, tuwe kwenye mada.

Tripu Moja: Mleta uzi mwanaume mzima unashindwa kuzungusha hiyo sahani ikarudi usoni kwake? Mimi angenitupia mimi, leo ningeandika nikiwa kituoni.

Kisiki cha Mpingo: Tripu Moja juzi tu uliandika humu konda kakushusha kituo kisicho chako ukakaa kimya. Leo umekuwa bondia.

Sahani Kumi Mkononi: Mimi ni mhudumu, mwaka wa sita huu, siyo hapo. Ngoja niseme na mnipige mawe mkimaliza kusoma. Nalipwa laki na nusu kwa mwezi. Glasi ikivunjika nakatwa. Vinywaji nachukua kaunta kwa jina langu, kwa hiyo mteja akiaga anaenda chooni akapitia dirishani, nalipa mimi. Tunafunga saa sita usiku, daladala hamna, boda ni 4,000 kila siku. Pigeni hesabu wenyewe. Kilichobaki tunaishi kwa hizo jero na buku mnazoacha. Mteja anakula vya elfu themanini anahesabu mpaka mia mbili ya mwisho, halafu anakuita kwa kupiga mluzi kama mbuzi. Inauma.

Ila kutupa hela kwenye sahani ya mama wa watu, na jicho bichi, hapana. Sisi tuliofundwa tunaleta chenji kwenye kisahani kisafi, tunaiweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Mteja akitaka ataacha. Huyo kijana anatuharibia wote.

Mleta uzi: Sahani Kumi nakuheshimu, umeongea kama mtu aliyezaliwa na mama. Hizo hatua mbili nyuma ndizo nilizozitaka. Ningemwachia mara mbili yake.

Mswahili wa Texas: Niko Houston, niliwahi kubeba sahani miaka mitatu. Huku sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea toka 1991. Bakshishi isipokufikisha kwenye kima cha chini cha 7.25 mwajiri anatakiwa afidie, kutakiwa na kufanya ni vitu viwili. Kwa hiyo tipu ndiyo mshahara wenyewe. Ukiacha chini ya 15% unatazamwa kama umeiba kijiko. Sasa hivi hata ukinunua chupa ya maji unageuziwa kioo, uchague 18, 20 au 25.

Tripu Moja: Huyu hata uzi wa kunguni lazima aitaje Houston.

Mswahili wa Texas: Kunguni wapo Houston pia.

Wa Umoja: Poleni ndugu zetu. Huku Nairobi hawakutupii, weita anakwambia kwa upole hana chenji, umtumie kwa namba yake binafsi. Bei ya menyu ina VAT 16%, ina ile 2% ya mafunzo ya upishi na utalii, wengine wanaongeza na yao ya huduma, halafu bado mtu anasimama hapo kando anakutabasamulia mpaka uone haya. Afadhali nyinyi mnatupiwa, zenu mnaziona.

Mleta uzi: Afadhali???

Binti Kilosa: Na duka la dawa je? Chenji ya mia tatu unapewa pipi tatu. Nimeugua tumbo, nimenunua dawa, natoka na pipi. Siku moja nikakusanya pipi kumi nikampelekea nikasema hii ni buku, nipe panado. Akakataa! Hela yake ni hela, pipi zake akinipa ni hela, nikimrudishia zinakuwa pipi.

Kisiki cha Mpingo: Binti Kilosa umegusa donda. Na boda je? Kila boda wa mji huu anaamka asubuhi hana chenji. Noti ya elfu tano akiiona anatazama mbinguni.

Mjukuu wa Chifu: Tumieni lipa namba, mambo ya kizamani hayo. Mleta uzi angelipa kwa simu, 47,000 kamili, sahani ingebaki na miiba yake na uzi usingekuwepo.

Sahani Kumi Mkononi: Lipa namba ndiyo imetumaliza sisi. Mteja analipa kamili mpaka senti, anaonyesha meseji, anaondoka. Hakuna cha baki nayo. Wahudumu wengi siku hizi wana kinyongo na simu zenu, ndiyo maana mtu akileta noti wanamrukia.

Mama Vitumbua: Mwanangu mleta uzi, pole sana. Mimi ni mzazi kama huyo mama. Mpikie uji mlaini leo, muulize kama jicho halikuingia mchuzi. Na hizo hela usimnyang'anye, kazifunga mwenyewe, ana maana yake.

Mleta uzi: Asante mama. Jicho nimelitazama, liko salama. Hela kazifungua mwenyewe, kaziosha kwa sabuni ya kipande na kuzianika kwenye mkono wa kochi, moja moja, kazinyoosha kwa kiganja. Nimemwambia mama tupa hizo nikupe nyingine, akaniambia, "Hela haina kosa." Niko hapa nazitazama. Zinanuka samaki mpaka sebuleni. Sijui kama mnaielewa hasira niliyonayo. Kwenye SAHANI.

Tripu Moja: Tumeelewa mkuu, kwenye sahani.

Mjukuu wa Chifu: Swali la msingi ambalo hamuulizi: sato 35,000? Wa wapi huyo? Mwanza mimi kwa hela hiyo natoka na wawili na mdogo wao.

Kisiki cha Mpingo: Siku hizi wengi ni wa kufugwa kwenye vizimba. Ukimtia mdomoni anasambaratika kama mkate umeloa. Wa ziwani huru nyama yake inashikana, unaitoa kipande kwa kipande.

Mjukuu wa Chifu: Wa vizimba mimi namjua kwa mafuta. Mchemsho ukipoa kidogo tu juu panaganda.

Mleta uzi: Huyo wa leo alikuwa mzuri, sikatai. Hoja yangu haikuwa samaki.

Wa Umoja: Sato ndiye yule ngege, tilapia? Sisi ukienda Kisumu unamchagua mwenyewe akiwa amelala kwenye barafu, unaonyesha kidole.

Binti Kilosa: Ndiye huyo. Kama mnataka mchemsho wa haki, kuna mama ntilie nyuma ya soko kwetu Mabibo. Kitambaa kichwani, sufuria tatu. Ndizi, sato wa kati, karoti, hoho, ndimu anakukamulia mwenyewe. 8,000. Birika la kunawa linakuja kabla hujakaa. Na ukimwachia mia tano anakukimbiza nayo mpaka barabarani, anadhani umesahau.

Mama Vitumbua: Huyo nimewahi kula kwake. Anaweka na nyanya chungu mbili tatu.

Tripu Moja: Nyanya chungu kwenye mchemsho? Hapo mmeniacha.

Mama Vitumbua: Mwanangu onja kwanza.

Kisiki cha Mpingo: Binti Kilosa, Jumapili anafungua?

Binti Kilosa: Hafungui, anaimba kwaya. Jumatatu kuanzia saa tano, ila saa saba ukifika unakuta vichwa tu.

Mjukuu wa Chifu: Vichwa anauza shilingi ngapi?