Tupeane uzoefu: wawili mnaokwenda kuzunguka na kujitolea kusini mwa India

Nahodha wa Kaskazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya kusini mwa India yamekuwa mengi, na wanaouliza ni wawili wawili: rafiki na rafiki yake wanataka kuzunguka Tamil Nadu, Kerala na Karnataka, na katikati ya safari wakae mahali wafanye kazi ya kujitolea. Kila anayejua upande wake aandike kwa vipimo: karatasi, msimu, kazi inavyofanywa, inapoharibika na kwa nini. Hadithi za safari zina uzi wake.

Naanza na viza, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Mnaomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in, na hapo tu. Zipo tovuti za mawakala zenye majina yanayofanana, zinatoza juu kwa kazi ileile. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa 2 tupu. Picha iwe ya mraba, mandhari meupe. Ukurasa wa pasipoti uwe PDF isiyozidi KB 300. Wengi hukwama hapo: wanapakia faili kubwa, mfumo unakataa, wanadhani wamenyimwa viza. Mwisho wa kuomba ni siku 4 kabla ya kufika, lakini jipeni wiki mbili.

Sasa jambo ambalo watu hawalisomi. Viza ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kujitolea kwa muda mfupi usiozidi mwezi 1, bila kupokea malipo wala kitu chochote badala yake. Kwa hiyo ile kazi ya kukaa mapokezi ya hosteli ili ulale bure si kujitolea mbele ya sheria, hata kama mwenye hosteli anaiita hivyo. Mkitaka kukaa zaidi ya mwezi, shirika lenyewe liwaandikie barua na muombe aina nyingine ya viza kwenye ubalozi kabla ya kuondoka. Msitegemee kubadilisha mkiwa kulekule.

Jembe Halimtupi Mkulima

Mkuu umesema viza inaamua, mimi naongeza mvua. Watu wa pwani hili ni lenu kabisa. Kusi ikivuka ikweta ndiyo inayoinyeshea Kerala na magharibi ya Karnataka kuanzia mwanzoni mwa Juni. Milima ya Ghat inaizuia mvua hiyo, kwa hiyo pwani ya Tamil Nadu hubaki kavu na kungoja upepo ugeuke: mvua yake kubwa ni Oktoba hadi Desemba, kaskazi ikianza. Ukijitolea kupanda miti Puducherry, mji wa pwani uliozungukwa na Tamil Nadu, mwezi wa Aprili utachoma ngozi na kuua miche.

Eneo linalopokea wanaojitolea kwa wingi ni Auroville, mji uliozinduliwa tarehe 28 Februari 1968, karibu na Puducherry. Ulianzishwa kwenye uwanda wa udongo mwekundu uliokuwa umechimbwa na mmomonyoko hadi makorongo, na miti iliyopo leo ni kazi ya mikono. Pembeni yake upo mradi wa Sadhana Forest, ulioanza 2003 kurudisha msitu wa asili wa ukanda ule. Wakenya, mradi huohuo una kituo Samburu, mnaweza kuonja aina ya kazi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Maisha ya pale yana masharti: hakuna nyama, mayai wala maziwa, hakuna pombe wala sigara, choo ni cha mboji, umeme ni wa jua. Mmoja wenu akiwa havumilii hayo, mwambieni mapema atafute mahali pengine.

Kazi yenyewe huanza na kukinga maji, mti unafuata. Mnapima usawa wa ardhi kwa mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, mita 10, kila mmoja ameshika ncha moja kwenye fimbo yenye alama za sentimita. Maji yakisimama alama moja pande zote mbili, hapo pana usawa. Mnachomeka kijiti, mnasogea. Mstari wa vijiti ndio njia ya tuta la kukinga maji. Hapa ndipo watu wawili wanaoelewana wanapofaa kuliko kundi. Kinachoharibu ni povu la hewa ndani ya mpira: likibaki hata moja, vipimo vinadanganya. Jazeni kwa kufyonza kutoka kwenye ndoo iliyo juu, kisha upigepige mpira kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho mpaka povu litoke. Tuta likijengwa kwa vipimo vya uongo, maji yote hukimbilia sehemu ya chini, yanalipasua, na korongo jipya linaanza palepale mlipotaka kulizuia. Hata tuta zuri liachieni mlango wa maji, chini ya kilele cha tuta kwa sentimita 20 au 30, uliotandikwa mawe.

Mashimo ni sentimita 45 kwa 45, kina hichohicho. Udongo ule ukikauka ni tofali, kwa hiyo unangojewa manyunyu ya Agosti na Septemba, halafu mtaimbo unatangulia, jembe linafuata. Jembe la kule lina mpini mfupi na bamba pana, unafanya kazi umeinama. Badilishaneni kila shimo, la sivyo siku ya tatu hamuinuki. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu uchanganywe na mboji urudi kwenye mizizi. Mche usitiwe mpaka unyevu umefika kina cha sentimita 30. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu, ngoja. Mfuko wa plastiki utolewe wote, na mizizi iliyozunguka chini ikatwe, maana ikiachwa itaendelea kuzunguka na mti utaangushwa na upepo ukiwa mkubwa. Matandazo sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina.

Binti Pangani

Asante mkulima. Nichangie treni, maana wawili wana hesabu yao.

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, saa 2 asubuhi ya India, na saa zao zimetangulia zetu kwa saa 2 na nusu. Behewa la kulala la kawaida, SL, lina vitanda 72, au 80 kwenye mabehewa mapya, vilivyopangwa kwa mafungu ya 8. Namba 1 na 4 ni vya chini, 2 na 5 vya kati, 3 na 6 vya juu, 7 ni cha pembeni chini, 8 pembeni juu. Fungu linalofuata linaanza upya na 9. Kwa rafiki wawili, chukueni cha chini na cha juu cha upande mmoja, mfano 1 na 3: mchana mnakaa chini karibu na mizigo, usiku mmoja yuko juu na mabegi madogo. Vile vya pembeni ni vifupi, mrefu ataning'iniza miguu njiani. Kitanda cha kati hufunguliwa saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi tu, kwa hiyo mwenye cha chini asitegemee kulala mchana.

Tiketi ikiandikwa RAC, mnaruhusiwa kupanda lakini wawili mnagawana kitanda kimoja cha pembeni. Ikiandikwa WL, yaani orodha ya kungoja, na ilikatwa mtandaoni, isipothibitishwa hujifuta na hamruhusiwi kupanda. Zile tiketi za dharura za siku moja kabla, tangu Julai 2025 mtandaoni zinataka namba ya utambulisho ya Wahindi, basi mzitoe akilini. Badala yake nendeni na pasipoti kwenye dirisha la stesheni kubwa muulize nafasi za watalii wa kigeni.

Chennai ina stesheni mbili kuu. Treni nyingi za Villupuram, Tiruchirappalli na Madurai hutoka Egmore. Za Bengaluru, Coimbatore na Kerala kwa kawaida hutoka Central. Angalia jina la stesheni na saa pamoja. Saa zao ni za 24 na tarehe hugeuka usiku wa manane: tiketi ya 00:15 tarehe 12 maana yake uwe stesheni usiku wa tarehe 11. Watu huachwa hapo kila siku. Na kuanzia tarehe 10 Januari hivi hadi baada ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya katikati ya mwezi, msipange safari bila tiketi mkononi, Tamil Nadu nzima inarudi kijijini.

Reli ya mlimani kutoka Mettupalayam hadi Ooty, kilomita 46, panda mkipata. Ina reli ya meno, inayoshikwa na gurudumu la treni kupanda mwinuko, kati ya Kallar na Coonoor. Mvua za Oktoba hadi Desemba huifunga mara kwa mara kwa maporomoko.

Nairobi–Bengaluru

Mambo madogo. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii, kule ni pini za mviringo. Shilingi hazibadilishwi, nendeni na dola. Noti kubwa ni rupia 500. Karibu kila kibanda kinalipwa kwa kuskani simu, ila mfumo huo umejengwa juu ya akaunti za benki za India, basi wekeni noti ndogo. Laini ya simu inataka pasipoti na viza, isajilini mjini kabla ya kwenda shambani. Simu za setilaiti na sigara za umeme ni marufuku, zitawaletea kesi.

Mkilala popote, hotelini au kwa mwenyeji, yeye anatakiwa awaandikishe kwa mamlaka ya wageni ndani ya saa 24. Ndiyo ile iliyojulikana kama Fomu C. Mwenyeji akisema hana habari nayo, msilale hapo wiki nzima.

Mkipita kaskazini mwa Karnataka, upande wa Yellapur na Haliyal, kuna vijiji vya Wasiddi, Wahindi wenye asili ya Afrika. Nendeni kwa kupitia mtu wanayemfahamu, na kamera ibaki mfukoni mpaka mmekaribishwa. Si kivutio cha utalii.

Muuguzi wa Zamu

Cheti cha homa ya manjano, ndugu zangu. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukitoka Kenya, Uganda au Kongo bila hicho, unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania anayepita Nairobi au Addis naye akibebe.

Kuhara: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ikizidi inadhuru, pimeni. Mbwa akikung'ata au hata kukukwaruza: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Nyoka: lala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, maana yupo nyoka aitwaye krait anayeng'ata watu waliolala sakafuni usiku na jeraha lake haliumi sana, mtu akarudi kulala. Usikate, usifunge kamba. Tuliza kiungo, piga 108, namba ya gari la wagonjwa.

Mama Salama

Kuhusu watoto nitasema wazi. Kituo cha yatima kinachowapokea wageni wa wiki mbili bila kuuliza cheti cha tabia njema kutoka polisi, msiingie. Mtoto anazoea mtu, mtu anaondoka, anakuja mwingine. Kinachofaa ni kazi isiyogusa malezi: kupaka rangi, kupanga maktaba, kumsaidia mwalimu mwenyeji kuandaa vifaa.

Wala msiache hela taslimu mezani. Sheria ya India ya 2010 inalitaka shirika liwe na usajili maalumu kupokea mchango wa mgeni, na tangu mabadiliko ya 2020 fedha hizo hupitia akaunti ya benki moja New Delhi. Mchango wenu wa huruma unaweza kulifungia shirika milango.

Chuo cha Mitaani

Wakuu, sisi likizo ni Februari. Kupanda kumekwisha?

Jembe Halimtupi Mkulima

Kumekwisha, lakini Februari hadi Mei ndipo miche hufa, kwa hiyo mnahitajika. Kazi ni matandazo na chupa za utambi. Chukua chupa ya lita 1, toboa tundu karibu na kitako, pitisha kamba ya pamba, nusu ndani nusu nje. Nusu ya nje izikwe sentimita 15 hadi 20 kuelekea mizizi, chupa isimame nusu yake ardhini. Kamba iwe ya pamba kweli. Ya nailoni haivuti maji. Iloweshe kabla ya kuizika. Kifuniko kitobolewe kwa sindano, la sivyo hewa haiingii na maji yanagoma kutoka. Tundu likiwa pana kuliko kamba, chupa inamwagika yote saa ileile. Jaribuni chupa moja juu ya meza usiku kucha kabla ya kutengeneza mia.