Kituo cha michezo cha umma kikabidhiwe biashara ya kijamii, au tunahamisha mzigo tu?

Mleta mada

Wadau, habari za saa hizi. Nina hoja, naomba tuichambue bila matusi.

Vituo vya michezo na burudani vya umma, vile vyenye bwawa, ukumbi, jimu na vyumba vya mikutano, vinazilemea halmashauri zinazovimiliki. Bwawa peke yake linakula nishati usiku na mchana, awepo muogeleaji asiwepo. Njia inayopigiwa debe ni ubia. Jengo linabaki la umma, uendeshaji unapewa biashara ya kijamii: kampuni inayouza huduma kama kampuni nyingine, ila faida yake inarudishwa kwenye lengo lililoianzisha. Muhammad Yunus, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2006, ana kipimo kikali zaidi: isiingie hasara, na isigawe gawio. Mwekezaji arudishiwe alichoweka, basi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: naunga mkono. Mfano ninaousimamia ni wa Greenwich, London, mwaka 1993. Halmashauri ilikuwa inabana matumizi, na badala ya kufunga vituo vyake saba au kuviuza, ikavikabidhi kwa kampuni mpya iliyoongozwa na wafanyakazi wenyewe, GLL. Kampuni hiyo imekua hadi kuendesha vituo zaidi ya 200, na maktaba juu yake. Bwawa la Olimpiki ya 2012 lilipofunguliwa kwa umma mwaka 2014, wao ndio waliopewa kuliendesha.

Kwa nini tujali? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwaka 2022 watu wazima bilioni 1.8, asilimia 31 ya dunia, hawakufika hapo. Hao hawafuatwi na jimu ya biashara. Sasa swali: ubia huu unawafuata, au ni serikali kutua mzigo wake kichwani kwa mwingine?

Hesabu Kwanza

Mkuu, mada nzuri, ila umeanza na jina na hujaonyesha vitabu.

Kwanza sheria. Uingereza wana aina ya kampuni ya kijamii iliyoanza mwaka 2005. Mali zake zimefungwa kisheria, huwezi kuziuza mkagawana, na zile zenye hisa haziruhusiwi kutoa gawio linalozidi asilimia 35 ya faida inayoweza kugawanywa. Vizuri sana. Lakini sheria hiyo imefunga mali, haijafunga ada. Hakuna kifungu kinachoizuia kampuni njema kupandisha kiingilio mpaka bibi wa jirani ashindwe.

Pili, na hapa ndipo wengi hawapaoni: bwawa ni hasara, jimu ndiyo inayolibeba. Mashine ya kukimbilia haihitaji mwokoaji, haipashwi moto, haitiwi klorini. Aliyelipa kwa mwezi akaja mara mbili ndiye mteja mtamu kuliko wote. Kwa hiyo kituo kinachosema kinawahudumia wasio na uwezo kinaishi kwa kuwafurahisha wenye uwezo. Ikifunguliwa jimu ya bei poa ng'ambo ya barabara, isiyo na bwawa wala watoto, wanachama wale wanahama na bwawa linakauka. Neno "kijamii" halibadilishi hesabu hiyo. Ubia usio na ruzuku ni maneno, na mkono mtupu haulambwi.

Filimbi ya Bwawa

Mimi si msomi wa haya mambo, ni mwokoaji. Nimefanya kazi jengo moja chini ya halmashauri, na baadaye chini ya kampuni ya kijamii iliyolipokea. Jina silitaji.

Walipoingia walifanya jambo la maana. Saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana bwawa huwa tupu, wafanyakazi wapo kazini, watoto wapo shule. Wakawaita watu waliopata kiharusi, waliokuwa wanakutana kwenye kikundi kidogo, wakawapa saa hizo kwa ada ndogo. Nimeona mtu aliyeingia anashikiliwa na wawili, baada ya miezi anashuka ngazi mwenyewe akishika chuma. Baada ya maji walikuwa wanakaa muda mrefu kupiga soga, na nadhani soga ile ilikuwa nusu ya dawa.

Mwaka wa pili darasa la kulipia likahitaji saa zile. Kikundi hakikufukuzwa. Kilihamishwa saa mbili usiku. Nani atamleta mgonjwa wa kiharusi saa mbili usiku? Wakaja wanne, wakaja wawili, wakaisha. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba "mahudhurio yalishuka".

Mleta mada

Ndugu Filimbi, hiyo imenichoma. Lakini bado naona tatizo ni la mkataba. Mkataba ungetaja saa hizo, zisingeguswa.

Wa Ofisini

Nimekaa upande wa wanaoandika mikataba hiyo, niwaibie siri moja. Mkataba unahesabu miingio. Geti limezunguka mara ngapi, basi. Mtu mmoja akija mara tano ni watano. Watano waliokuwa hawajawahi kutoka nyumbani wakija mara moja moja, nao ni watano. Kwenye jedwali wanafanana kabisa.

Halafu kuna mpango wa daktari kumwandikia mgonjwa mazoezi badala ya vidonge, au pamoja navyo. Mgonjwa anapewa wiki 12 hivi kituoni kwa bei ya chini. Wiki ya 13 anaambiwa alipe kamili. Tunapima aliyemaliza wiki 12. Wa wiki ya 13 hatumpimi, kwa sababu kwa wakati huo faili limefungwa. Sijivunii hili.

Mguu Njia

Mnazunguka mno. Jengo la nini? Mwaka 2004 watu 13 walikimbia kilomita tano kwenye bustani ya Bushy, London. Hawakulipa kitu, waliosimamia walijitolea. Ile ndiyo parkrun, leo iko nchi nyingi na bado ni bure kwa kila mkimbiaji. Mwaka 2016 halmashauri ndogo ya Stoke Gifford, karibu na Bristol, ilitaka ilipwe kwa sababu njia za bustani zinachakaa. Parkrun ikaacha kukimbia pale kuliko kuanza kutoza. Huo ndio msimamo, siyo huu wa kubembeleza wenye jimu.

Hesabu Kwanza

Mguu Njia, bustani inakatwa majani na nani? Njia inazibwa mashimo na nani? "Bure" yako ina mlipaji, ila hujakutana naye.

Na bure yenyewe haitoshi. Kuanzia Aprili 2009 Uingereza ilifungua mabwawa bila kiingilio kwa wenye miaka 16 kushuka chini na waliofikisha 60. Julai 2010 mpango ukafutwa. Tathmini ilionyesha kuwa wengi wa walioogelea bure wangeogelea hata kwa kulipa. Yaani mlango ulifunguliwa, wakaingia wale wale waliokuwa wanaujua.

Mguu Njia

Haya, hilo nalikubali. Lakini na wewe kubali kwamba aliye kwenye kikundi haachi mapema.

Msoma Kumbukumbu

Mnabishana kana kwamba jambo hili ni jipya. Lilishajaribiwa miaka ya 1930, Peckham, kusini mwa London, na waliolianzisha walikuwa madaktari wawili, George Scott Williamson na Innes Pearse. Walianza na nyumba ndogo mwaka 1926. Mwaka 1935 wakafungua jengo kubwa lenye bwawa katikati, ukumbi wa mazoezi, mkahawa, sehemu ya kucheza dansi, na vyumba vya daktari humo humo. Familia ililipa shilingi moja ya Kiingereza kwa wiki, na masharti yalikuwa mawili: iishi umbali wa kutembea kwa miguu, na wote wakubali kupimwa afya mara kwa mara.

Wengi mno walikutwa na kasoro ambazo wenyewe hawakuwa wakizijua. Ila kinachonivutia si vipimo, ni kuta. Kuta nyingi za ndani zilikuwa vioo. Ukiwa mkahawani na chai yako unawaona wenzako wanaogelea. Mama ambaye hajawahi kugusa maji anamwona jirani yake, mnene kama yeye, mwenye umri wake, yumo ndani anacheka. Hakuna aliyempa hotuba kuhusu mazoezi. Ratiba za kulazimisha hazikuwepo, watu walijipangia wenyewe. Ule mlango aliousema Hesabu Kwanza, wanaoujua ndio wanaoingia, Peckham waliutengeneza kwa kioo.

Vita vikaufunga mradi, ukafunguliwa tena 1946, ukafa 1950. Umeuawa na nini? Huduma ya afya ya taifa ilianza 1948, na kituo hiki hakikuingia kwenye boksi lolote. Kilishughulika na wazima, huduma ile ilikuwa ya wagonjwa. Kilikuwa cha mtaa mmoja, huduma ile ya nchi nzima. Kilitoza ada, huduma ile ilikuwa bure. Hakuna idara iliyosema "hiki ni changu". Leo jengo lile ni nyumba za kuishi za watu wenye fedha zao.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mfano huu unafanya kazi, nasema ulifanya. Ulichokosa ni mwenyewe.

Wa Ofisini

Na hilo halijaisha. Bwawa linalipiwa na fungu la michezo. Likimwepusha mtu na kulazwa, akiba inaingia fungu la afya. Fungu la michezo linabaki na bili ya klorini. Nimekaa kwenye vikao ambako idara ya afya inapiga makofi tu, haitoi hata senti.

Hesabu Kwanza

Hapo ndipo nilipotaka mfike. Tazameni Brazil. Wana taasisi inaitwa SESC, ya tangu 1946. Ni ya binafsi, haigawi faida, lakini haiombi msaada wala haitegemei jimu. Waajiri wa biashara wanachangia asilimia 1.5 ya mishahara wanayolipa, kwa lazima ya kisheria. Kwa fedha hizo wana kituo kama SESC Pompeia, São Paulo: kiwanda cha zamani cha mapipa, kikafunguliwa upya 1982 kwa mchoro wa msanifu majengo Lina Bo Bardi. Maktaba, jukwaa la maonyesho, karakana, bwawa, na viwanja vya michezo vilivyopandana ghorofa juu ya ghorofa. Alipokwenda kulitazama jengo kabla ya kazi, alikuta familia tayari zinalitumia wikendi, watoto wanacheza mpira ndani. Akaamua asilibomoe.

Fedha inayojulikana itatoka wapi mwaka kesho ndiyo inayompa meneja ujasiri wa kuwaachia watu wa kiharusi saa zile za mchana. Meneja asiye nayo, hata awe malaika, atawahamisha.

Mleta mada

Nimeelewa nilipopungua. Nilidhani swali ni nani aendeshe. Narekebisha: bado naunga mkono ubia, lakini kwa masharti matatu. Saa za vikundi ziandikwe kwenye mkataba kama mali, zisihamishwe bila kikundi chenyewe kukubali kwa sahihi. Idara ya afya iweke fedha, siyo makofi. Na kipimo kiwe ni watu wapya waliobaki baada ya wiki ile ya 13, siyo mizunguko ya geti. Biashara ya kijamii isiyotaka masharti hayo sioni inatofautiana vipi na kampuni nyingine.

Hesabu Kwanza

Mawili nasaini. Hilo la sahihi ya kikundi litakupa shida. Kikundi kikibaki na watu watatu na bado kinashikilia bwawa zima, utafanya nini?

Mleta mada

Watagawana njia za bwawa na wengine. Lakini wataulizwa.

Filimbi ya Bwawa

Ongezeni la nne. Pale kwetu kuna kiti cha kumshushia majini mtu asiyeweza ngazi. Kiliharibika. Kampuni ikasema kimefungwa kwenye sakafu, kwa hiyo ni sehemu ya jengo, halmashauri itengeneze. Halmashauri ikasema ni kifaa, kampuni itengeneze. Kilikaa miezi saba na karatasi ya "hakitumiki". Kwenye mkataba huo mnaouandika, kiti hicho ni cha nani?