Hospitali zilazimishwe kutangaza maambukizi ya wodini?

Mleta mada:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Msimamo wangu ni kwamba kila hospitali, iwe ya serikali, ya dini au ya mtu binafsi, ilazimishwe kutangaza kila mwezi ni wagonjwa wangapi walioingia na ugonjwa mmoja wakaambukizwa mwingine humo humo wodini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kuwa katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 huambukizwa hospitalini katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi tajiri ni 7.

Afrika Mashariki ushahidi tunao. Hospitali ya Wilaya ya Kilifi ilikuwa na utaratibu wa kuotesha damu ya watoto wanaolazwa, yaani kuiweka maabara kuona kama bakteria watakua. Takwimu zao za 2002 hadi 2009 zilionyesha kwamba kati ya watoto walioingiwa na bakteria kwenye damu wakiwa tayari wodini, asilimia 53 walifariki. Kwa waliokuja na bakteria kutoka nyumbani, ilikuwa asilimia 24.

Halafu kuna yale yasiyoonekana kabisa. Mama anajifungua kwa upasuaji, anaruhusiwa mshono ukiwa mkavu. Wiki moja baadaye kidonda kinavimba, kinatoa usaha, anakwenda zahanati ya jirani anapewa vidonge. Kwenye daftari la hospitali iliyompasua anabaki kusomeka kuwa alitoka salama. Kitaalamu kidonda cha upasuaji hufuatiliwa siku 30, lakini ni nani anayempigia simu? Na inawezekana: wilaya ya Kirehe, Rwanda, wahudumu wa afya ya jamii waliwafuata akina mama majumbani na kupiga picha za vidonda kwa simu.

Muuguzi:
Mleta mada, heshima yako. Mimi nafanya kazi wodi ya watoto wachanga na hoja yako inanitia hofu. Hiyo Kilifi uliyoitaja iliyaona maambukizi kwa sababu iliyatafuta. Hospitali isiyootesha damu ya mtu yeyote itabandika sifuri, na wananchi watakimbilia huko. Hospitali ya rufaa yenye maabara nzuri, inayopokea njiti na wagonjwa mahututi walioshindikana kwingine, ndiyo itakayoonekana machinjio.

Na lawama itaangukia nani? Sisi. Zamu ya usiku tuko wawili kwa wodi nzima, watoto wawili wamelazwa kwenye kitanda kimoja cha joto kwa sababu vingine ni vibovu, bomba halitoi maji tangu jioni. Nanawa kwenye ndoo. Mtoto akipata klebsiela, bakteria wa wodini, karatasi yenu itasema nini kuhusu hiyo ndoo?

Mchangiaji mwingine:
Dada, poleni na kazi, tunajua mnavyobeba mzigo. Lakini na sisi ndugu wa wagonjwa tusikilizwe. Mdogo wangu alikaa na kanula, kile kimpira cha dripu mkononi, ile ile mpaka plasta ikawa nyeusi, haina tarehe, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Tulipouliza tuliambiwa tusiwafundishe watu kazi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hilo lilitokea. Mtu akilipia kitanda ana haki ya kujua anaingia wapi.

Mleta mada:
Dada muuguzi, hoja ya sifuri ni nzito na naikubali, ndiyo maana sitaki namba moja peke yake. Pembeni ya idadi ya maambukizi iandikwe idadi ya sampuli zilizooteshwa na idadi ya akina mama waliopigiwa simu baada ya kuruhusiwa. Hapo sifuri ya asiyepima itaonekana ilivyo. Na hospitali ya rufaa ilinganishwe na ya rufaa, na pia na takwimu zake yenyewe za mwaka jana.

Kuhusu lawama, tazama hospitali ya Rosie, Cambridge, Uingereza, mwaka 2011. Kimelea cha MRSA, bakteria sugu kwa dawa nyingi, kilizuka wodi ya watoto wachanga, wodi ikasafishwa yote, zikapita siku 64 bila mgonjwa, kikarudi. Wataalamu walisoma vinasaba vya kimelea, wakaona mnyororo wa maambukizi ni mmoja. Wakapima watumishi 154, mmoja akakutwa amekibeba bila kuumwa. Alitibiwa. Hakuna haja ya jina lake kujulikana mtaani, na sheria ninayoitaka ikataze kabisa kumtaja mtumishi.

Uingereza ilianza kuzilazimisha hospitali kuripoti MRSA ya kwenye damu mwaka 2001, na takwimu zikawekwa wazi. Mwaka 2003/04 walihesabu maambukizi zaidi ya 7,000. Kufikia 2008/09 yalikuwa chini ya 3,000. Kutangaza peke yake hakukufanya hivyo, kulikuwa na malengo, usafi wa mikono na pesa. Ila pesa zilikwenda kwa sababu aibu ilikuwa hadharani.

Na tukumbuke Yambuku, Kongo, 1976. Wauguzi walikabidhiwa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote, na Ebola ikasambaa kwa sindano hizo hizo. Watu 280 walikufa, wakiwemo watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali ile. Wodi isiyofuatiliwa inawaua na nyinyi.

Muuguzi:
Hilo la mwisho nalijua vizuri kuliko nyote humu. Basi naongeza sharti: karatasi hiyo hiyo ionyeshe wauguzi waliokuwa zamu na siku ambazo maji yalikatika, na isainiwe na mganga mkuu mwenyewe, siyo na sista wa wodi. Ikiwa hivyo, niko upande wako. Bila hivyo, napinga.