Tulikuwa tisa, tumebaki watatu: nisaini mkataba mpya au nichukue changu niondoke?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mhandisi wa programu, huu mwaka wa 6 kwenye kampuni hii. Mwezi uliopita panga lilipita. Timu yetu ilikuwa na watu tisa, tumebaki watatu, na mifumo ya walioondoka tumerithi yote. Juzi saa nane usiku simu inaniamsha, mfumo wa malipo umelala. Nafungua faili la mipangilio, nakuta jamaa aliyepunguzwa aliacha maneno: "Usiguse hapa kabla hujaniuliza." Nikamuulizie wapi?

Sasa wanaita "muundo mpya". Nimepewa karatasi mbili: mkataba mpya, cheo kipya, mshahara uleule, au niondoke kwa hiari na mishahara ya miezi mitatu. Jibu Ijumaa. Mke wangu anasema chukua hela. Mngekuwa nyie?

Bisibisi: Pole mkuu. Cheo kipya, mshahara uleule? Hapo kilichopanda ni mzigo.

MzeeWaSeva: Usidhani fagio likishapita basi. Meta, wenye Facebook, walitangaza kupunguza watu zaidi ya 11,000 Novemba 2022, Machi 2023 wakarudi na wengine kama 10,000. Ila kutafuta kazi ukiwa kazini ni afadhali kuliko ukiwa nyumbani. Ningesaini, jioni hiyohiyo naanza kutuma maombi.

NatiNaBolti: Mzee, taratibu na hiyo kalamu. Mkuu, angalia kwanza tarehe ya kuanza kazi kwenye huo mkataba mpya. Mimi nilisaini wa namna hiyo, miezi minane baadaye nikapunguzwa, na malipo ya kuachishwa yakapigwa hesabu kwa miezi minane tu. Miaka kumi na moja ya nyuma ikafutika. Waandike kabisa kwamba utumishi wako unaendelea. Na hilo neno "kwa hiari" lisikupite hivihivi: ukishajiondoa mwenyewe, kuja kudai kwamba uliachishwa ni kazi ngumu.

Bisibisi: Nati kamaliza. Hata ukibaki, orodhesha mifumo yote uliyorithi, wao ndio wachague upi uachwe ulale.

Mleta uzi: Nimeutoa kwenye bahasha sasa hivi. Kipengele cha pili: kuanza kazi, tarehe mosi mwezi ujao. Chini yake, miezi sita ya majaribio. Mimi, wa mwaka wa 6! Kesho asubuhi naenda kuwauliza watu wa rasilimali watu. Kalamu naiacha nyumbani.